Mark X ya Zamani au Umbo Jipya: Mwongozo kwa Mnunuzi wa Mbeya na Iringa

Mtu wa Mbeya au Iringa anayetafuta saluni yenye nguvu, iliyotulia barabarani na ambayo bei yake bado inafikika, mara nyingi huishia kwa Toyota Mark X. Hapo huja swali ambalo huwagawa hata marafiki: achukue ile ya zamani au ile ya umbo jipya? Bei hupishana kwa mamilioni, na jibu la wauzaji huwa moja tu, kwamba jipya ni bora. Nyanda za Juu Kusini jibu hilo halitoshi. Huku kuna mwinuko, kuna baridi ya Juni na Julai, kuna miteremko inayochemsha breki, na barabara za vumbi huanza mita chache tu kutoka kwenye lami. Gari linalomfaa mtu wa Kinondoni si lazima limfae mtu wa Uyole au Mafinga.

Nakupa hukumu yangu mapema ili ujue ninakokupeleka. Kwa wengi wa huku, Mark X ya kizazi cha pili yenye injini ya lita 2.5 na rimu za inchi 16 ndiyo ya kununua, ingawa si kwa sababu ya nguvu, maana kwa nguvu ilipungua. Lakini ya zamani iliyotunzwa vizuri ni bora kuliko mpya iliyoinuliwa kiholela na kuvalishwa rimu kubwa.

Soma chesisi, achana na herufi

Mark X ya kwanza ilitoka Japani Novemba 2004 kuchukua nafasi ya Mark II, ukoo wa zile GX 100 na GX 110 tunazozijua wote. Ikatengenezwa hadi 2009. Ya pili ilizinduliwa Oktoba 2009 na ikadumu hadi Desemba 2019, Toyota ilipoacha kuitengeneza kabisa.

Kuzitofautisha, usitegemee maneno ya dalali. Soma namba ya chesisi. Ikianza na GRX120, hiyo ni ya zamani ya lita 2.5, GRX121 ni ya zamani ya lita 3.0, GRX125 ni ya zamani ya lita 2.5 inayovuta magurudumu yote manne. Kwa umbo jipya, GRX130 ni lita 2.5, GRX133 ni lita 3.5, na GRX135 ni lita 2.5 ya magurudumu manne. Namba hiyo ilingane na iliyo kwenye kadi ya gari, herufi kwa herufi.

Nasisitiza chesisi kwa sababu watu wengi hununua herufi za usajili. Gari la "namba E" husifiwa kuliko la "namba D" kana kwamba herufi ndiyo umri. Herufi inakuonyesha lini gari lilisajiliwa Tanzania, basi. Mark X ya 2006 iliyoshuka bandarini mwaka jana itakuwa na namba mpya, na ya 2010 iliyokaa nchini miaka mingi itakuwa na namba ya nyuma. Unaweza kulipa zaidi kwa gari lililo kongwe zaidi.

Kwa vipimo, vizazi hivi viwili ni ndugu wa karibu kuliko sura zinavyoonyesha. Umbali kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma ni milimita 2,850 kwa zote mbili. Urefu wa gari zima ulikuwa milimita 4,730 kwa ya kwanza, na ya pili ilianza na urefu huohuo. Kilichoongezeka ni upana, kutoka milimita 1,775 hadi 1,795. Ndani, dashibodi ya umbo jipya imepangika vizuri zaidi na vifaa vyake vinaonekana vya kisasa. Umbo jipya lenyewe lilibadilishwa sura mara mbili, mwaka 2012 na 2016, kwa hiyo mtu akikuambia "new model" muulize ya mwaka gani. Usilipie sura ya 2016 kwa gari la 2010 lililobadilishwa bampa na taa.

Nguvu iliyopungua, na kwa nini hilo ni jema

Hapa ndipo wengi hushangaa. Injini ya lita 2.5 ya Mark X ya zamani, ile iitwayo 4GR-FSE, ilitoa nguvu za farasi 215. Umbo jipya lilipokuja na injini yenye jina hilohilo, nguvu ilishuka hadi farasi 203. Haikuwa bahati mbaya. Japani huuza petroli ya madaraja mawili, ya kawaida na ile ya okteni kubwa ambayo ni ghali zaidi. Mark X ya zamani ilipangwa kwa ile ya ghali. Ya lita 2.5 ya umbo jipya ikapangwa upya iridhike na ya kawaida, na gharama ya mpango huo ikawa hizo farasi 12. Zile injini kubwa, lita 3.0 ya zamani yenye farasi 256 na lita 3.5 ya umbo jipya yenye farasi 318, zote zinataka petroli ya okteni kubwa.

Sasa ziweke injini hizo mlimani. Mji wa Mbeya upo karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na Iringa takriban mita 1,600. Kwenye mwinuko huo hewa ni nyepesi kwa kama asilimia 15 kuliko ufukweni, na injini isiyo na tabo hupoteza nguvu kwa kiasi kinachokaribia hicho. Farasi 215 za kwenye karatasi zinakuwa 180 hivi ukiwa Mwanjelwa. Zile 203 zinakuwa kama 172. Tofauti iliyobaki utaihisi kwa shida, labda ukiwa na watu watano na mizigo. Ndiyo maana hoja ya "ya zamani ina nguvu zaidi" huku juu haina uzito.

Tofauti inayohisika ipo kwenye safari. Hewa nyepesi inapunguza mgandamizo ndani ya silinda, kwa hiyo mjini Mbeya hata injini inayodai okteni kubwa hufanya kazi vizuri na petroli tuliyonayo. Lakini watu wa huku wanashuka. Unashuka Kyela kwa ndugu, unashuka Dar es Salaam kwa biashara, na kurudi lazima upande. Fikiria gari limetoka Mikumi, limepita Ruaha Mbuyuni kwenye joto, limejaa watu, na sasa linaukabili mlima Kitonga nyuma ya malori. Hapo hewa ni nzito zaidi, injini ni ya moto na mzigo ni mkubwa. Injini inayodai okteni kubwa ndipo hugonga. Ina sensa inayosikia kugonga huko na kuchelewesha cheche ili isijiumize, na matokeo yake ni nguvu kushuka na mafuta kuliwa zaidi wakati ule unapohitaji nguvu. GRX130 haina tabu hiyo kwa kiwango hicho. Kwa mtu anayepanda Kitonga mara kwa mara, hili peke yake linatosha kumwelekeza kwenye umbo jipya.

Lita 3.5 je? Ni gari la raha kubwa, farasi 318 si mchezo, na sikukatazi ukiwa na uwezo wa kulitunza. Ila barabara yetu ya Iringa kwenda Mbeya imejaa malori ya Tunduma, inapita vijijini kwenye kikomo cha kilomita 50 kwa saa, na trafiki wenye tochi hawaoni haya kusimama kwenye mteremko. Nguvu hiyo utaitumia sekunde chache kulipita lori, kisha utailipia kwenye pampu siku zote.

Uchafu wa vali, na dhambi ya kung'oa themostati

Injini za lita 2.5 na 3.0 za Mark X hizi humwaga petroli moja kwa moja ndani ya silinda. Faida yake ni mwako mzuri. Hasara yake ni kwamba petroli haipiti juu ya vali za kuingizia hewa, kwa hiyo haizisafishi, na mvuke wa oili unaozunguka unaganda pale na kuwa masizi magumu. Wamiliki wa Lexus IS 250 kule Marekani, gari linalotumia injini hii hii ya 4GR-FSE, walilalamikia sana jambo hilo. Dalili zake ni gari kutetemeka likiwa limesimama linaunguruma, kusitasita unapokanyaga mafuta, na taa ya injini kuwaka. Tiba ni fundi kufungua njia ya hewa na kuzisafisha vali kwa mkono. Kumwaga dawa kwenye tenki hakusaidii, kwa sababu petroli haifiki mahali penye uchafu.

Masizi hayo huzidi kwa gari linalotembea safari fupi bila kupata moto sawasawa. Na hayo ndiyo maisha ya magari mengi ya mjini Mbeya na Iringa: asubuhi ya baridi kali, nyumbani hadi kazini dakika 10, linazimwa. Halafu anakuja fundi anayeng'oa themostati "ili gari lisichemshe". Tafadhali usikubali. Themostati ikiondolewa, maji yanazunguka kwenye rejeta muda wote, injini inabaki baridi, kompyuta inaendelea kumwaga petroli nyingi kama gari ndiyo kwanza limewashwa, na oili inachafuka mapema. Gari likichemsha Kitonga, tafuta sababu: rejeta imeziba, feni haizunguki, au pampu ya maji inavuja, na pampu hiyo ni ugonjwa unaojulikana wa injini za familia hii. Unapokwenda kukagua Mark X yoyote, tazama mshale wa joto baada ya kuendesha. Usipofika katikati, themostati huenda haipo.

Habari njema ni kwamba injini hizi zinatumia cheni, si mkanda wa kubadilishwa kila baada ya muda kama ilivyokuwa kwa GX 110. Zinachukua zaidi ya lita 6 za oili, kwa hiyo muuzaji anayesema humwagia galoni moja ya lita 4 kila sevisi amekuambia kitu kikubwa kuhusu gari lake. Gia boksi inataka oili ya Toyota ya aina ya WS. Ukiambiwa "oili yoyote ya otomatiki inafaa", ondoka. Crown Athlete za miaka ileile zinatumia injini za familia hii, hivyo fundi aliyeizoea Crown ana msingi wa kukusaidia, na spea za injini zinapatikana Kariakoo na Gerezani kisha zinaletwa kwa basi. Kwa bodi, ya zamani imekaa sokoni muda mrefu, na kupata mlango au taa yake ya mtumba ni rahisi kuliko taa ya umbo la 2016.

Tumbo la gari na barabara ya kwenu

Kama utasoma sehemu moja tu ya mwongozo huu, soma hii. Vizazi vyote viwili vina nafasi ya sentimita 15 hivi kati ya tumbo na ardhi, likiwa tupu. Wapakie watu wanne na gunia la viazi vya Uporoto kwenye buti, nafasi hiyo inapungua vibaya. Kwa hiyo umbo jipya halikusaidii chochote hapa, na swali la kujiuliza kabla ya yote ni barabara ya kwako. Kama unaishi Forest au Gangilonga na safari zako ni za lami, hakuna tatizo. Kama nyumbani kwako ni kupanda njia ya udongo mwekundu ambayo masika huifanya utelezi, Mark X yoyote itakusumbua, kwa sababu nyingi zinasukuma kwa magurudumu ya nyuma na zote zina tumbo la chini.

Wengi hujibu tatizo hilo kwa kuinua gari kwa spesa. Spesa ndogo, iliyowekwa na fundi anayepima usawa wa matairi baada ya kazi, naielewa. Lakini Mark X imejengwa kwa miguu yenye viungo vingi mbele na nyuma. Pembe za viungo hivyo ndizo zinazolifanya gari likae barabarani kwa kasi. Ukiinua sana, pembe zinaharibika, bolijointi na bushi zinaisha mapema, tairi zinaliwa upande mmoja, na gari lililonunuliwa kwa ajili ya utulivu wake linaanza kuyumba kwenye kona za Kiwira. Ukikuta Mark X imeinuliwa kwa vipande vya mpira vilivyobanwa katikati ya springi, hesabu gharama ya kurudisha springi na shokapu kabla ya kutaja bei yako.

Rimu ndizo jambo la pili. Mark X za kawaida za vizazi vyote viwili zilikuja na tairi za 215/60 za rimu ya inchi 16. Zile za kimichezo zilipewa rimu za inchi 18: tairi za 225/45 kwa ya zamani, na 235/45 kwa umbo jipya. Kwa picha, inchi 18 inapendeza. Kwa shimo lililojificha chini ya maji ya mvua pale Igurusi, tairi nyembamba ya 45 haina kifua cha kupokea pigo, na kinachopokea ni rimu, kisha shokapu. Tairi ya inchi 16 ni rahisi kuipata, bei yake ni nafuu, na inalipa gari ulaini ambao abiria wako watakushukuru kwa safari nzima hadi Makambako.

Ya magurudumu manne, GRX125 na GRX135, inatajwa sana kama jibu la matope. Inasaidia utelezi, kweli, ila haiongezi nafasi ya tumbo, inaongeza uzito, na inaongeza vyuma vya mbele vya kutunza. Kati ya hizo mbili, tofauti ya kizazi inaonekana wazi zaidi: GRX125 ina gia boksi ya hatua 5, wakati GRX135 ilipewa ya hatua 6 sawa na ndugu zake. Kwa milima yetu hatua 6 ni bora.

Na hiyo gia uitumie. Kushuka Kitonga, Inyala au Iwambi kuelekea Mbalizi, sogeza mkono wa gia upande wa kuchagua mwenyewe, ushuke hadi ya 3 au ya 2, uiache injini ilizuie gari. Anayeshuka kwenye D akikanyaga breki mfululizo anachemsha diski na mafuta ya breki, na saluni yenye uzito wa karibu tani 1.5 iliyojaa watu haisamehi. Mark X ilijipatia jina baya Kenya na hata kwetu kwa ajali za vijana. Gari lenyewe lina breki nzuri; tatizo ni kasi, tairi zilizoisha na pedi za bei ya chini. Tafadhali, pesa uliyookoa kwa kuchagua ya zamani, anza kuitumia kwenye tairi na breki.

Kodi na pampu

Ukiagiza mwenyewe Japani, umri ndio utakaoamua bei. Injini zote za Mark X zinazidi sentimita za ujazo 2,000, kwa hiyo zote zinaangukia ushuru wa bidhaa wa asilimia 10, juu ya ushuru wa forodha wa asilimia 25 na VAT ya asilimia 18. Juu yake kuna ushuru wa uchakavu: asilimia 15 kwa gari la miaka 8 hadi 10, na asilimia 30 kwa lililozidi miaka 10. Mark X ya zamani yoyote imeshazidi, haina pa kukimbilia. Za umbo jipya zilizotengenezwa mwishoni ndizo pekee zenye nafuu, na nafuu hiyo inaisha mwaka hadi mwaka, kwa kuwa hata ile ya mwisho ya 2019 inatimiza miaka 8 mwaka 2027. Ingia kwenye kikokotoo cha TRA mtandaoni, weka mfano na mwaka husika, uone kiasi kabla hujatuma hata dola moja. TRA ina thamani zake yenyewe, si lazima ikubali bei uliyonunulia.

Ada ya mwaka ya leseni ya gari ilifutwa 2017 na kuhamishiwa kwenye mafuta. Kwa hiyo gharama ya injini kubwa siku hizi unailipa pale pampu. EWURA hutangaza bei kikomo kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, kwa kila mji, na Mbeya hulipa zaidi ya Dar es Salaam kwa sababu ya umbali. Piga hesabu zako kwa bei ya mji wako. Kwa ulaji, usimwamini mtu kwa maneno: jaza tenki hadi pomoni, endesha, jaza tena, gawanya kilomita kwa lita. Mark X ya lita 2.5 yenye afya inayozunguka mjini milimani haitakupa maajabu, iwe ya zamani au mpya.

Siku ya kukagua

Baada ya kamwene na salamu zote, mwombe muuzaji jambo moja: asiwashe gari kabla hujafika. Nenda alfajiri, kukiwa na baridi. Gusa injini kwa mkono uhakikishe haijapata moto. Ikiwashwa, mlio wa tik-tik wa nozeli ni wa kawaida kwa injini hizi. Mkwaruzo wa chuma sehemu ya cheni si wa kawaida. Tazama moshi wa bluu kwenye eksozi, hiyo ni oili inayoungua.

Kisha liendeshe kwenye mlima. Iringa, shuka hadi Ipogolo na urudi mjini bila kusimama. Mbeya, shuka Mbalizi upande tena Iwambi. Sikiliza gia zinavyopanda na kushuka, zisipige kichwa. Kwenye sehemu tambarare, achia usukani kidogo uone gari linavyokwenda. Kisha lipeleke gereji ulikochagua wewe, liinuliwe, na fundi wako aangalie bushi, bolijointi, sampo iliyopigwa na mawe, na dalili za kunyooshwa chesisi. Redio usiihesabu kama kasoro: ya Japani huishia masafa ya 90, na kifaa cha kuongeza masafa ni cha bei ndogo.

Mwisho, karatasi. Kama gari liliingia nchini karibuni, omba cheti cha usafirishaji cha Japani ulinganishe kilomita na zilizo kwenye dashibodi. Hakiki jina lililo kwenye kadi ni la anayekuuzia, au ana barua halali ya mwenye gari. Angalia kama linadaiwa faini za trafiki. Andikeni mkataba mbele ya wakili, lipa kupitia benki, na mchakato wa kuhamisha umiliki TRA uanze siku hiyo hiyo, muuzaji akiwa bado yupo mjini.